Utani wa Kilo: Mwongozo kwa Wanaosomea Udaktari, Uuguzi na Lishe

Katika kozi nyingi za afya, mizani hutolewa kabatini mapema kabisa mwaka wa kwanza. Ni somo la vitendo: wanafunzi wapimane uzito na urefu, wafanye hesabu, wapate ile namba ambayo kila mtu anaiita BMI. Somo lenyewe halina ubaya, ila namna linavyoendeshwa. Mmoja anapanda, wa pili anasoma kwa sauti, wa tatu anaandika ubaoni mbele ya majina: 51, 68, 74. Ikitajwa 103, darasa linaguna. Jioni hiyohiyo, kwenye kundi la WhatsApp la darasa, mwenye kilo zake keshapewa jina: Kontena. Aliyesomeka 44 naye hakusalimika, anaitwa Njiti. Majina hayo hudumu hadi mahafali.

Ukiuliza utaambiwa ni utani tu. Na ni kweli kwamba mwili ni sehemu ya salamu za Afrika Mashariki. Shangazi akimkuta mpwa wake stendi atamwambia "umenenepa, ndoa imekukubali," na hapo kamsifu. Akimkuta amepungua atauliza, "Mbona umekonda, unaumwa?" na hapo kamjali. Lakini darasa la watu watakaokuja kushika faili za wagonjwa si stendi ya basi. Utani unaozoeleka darasani huhamia wodini, na ukifika huko haubaki utani. Unageuka uamuzi wa nani apimwe vizuri na nani aambiwe akapunguze mwili kwanza.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2014 jarida la Obesity lilichapisha utafiti wa wanafunzi 4,732 wa mwaka wa kwanza wa udaktari kutoka vyuo 49 vya Marekani. Waliulizwa waziwazi wanawaonaje watu wanene, kisha wakafanyishwa jaribio la kompyuta linalopima kasi ya mtu kuoanisha picha na maneno mazuri au mabaya. Asilimia 74 walionyesha ubaguzi uliojificha dhidi ya watu wanene, na asilimia 67 walionyesha ule wa wazi. Walipolinganishwa, watu wanene walionwa vibaya kuliko maskini na kuliko watu wa jamii za rangi za wachache. Uingereza, mwaka mmoja kabla, wanafunzi 1,130 wa udaktari, uuguzi, lishe na tiba-lishe walijaza dodoso la aina hiyo. Waliokuwa na mtazamo mzuri au angalau usioegemea upande walikuwa asilimia 1.4.

Wa lishe je, si ndio wanaosomea mambo haya usiku na mchana? Mwaka 2009 wanafunzi 182 wa fani hiyo Marekani walipewa maelezo ya wagonjwa wa kubuni yaliyofanana kwa kila kitu, isipokuwa uzito na jinsia. Mgonjwa mnene alihukumiwa kuwa na uwezekano mdogo wa kufuata masharti ya matibabu, ingawa hakuna neno hata moja kwenye maelezo lililosema hivyo.

Hizo ni takwimu za ugenini, lakini mgonjwa anayezungumziwa yuko hapahapa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene. Ule wa Kenya wa 2014 ulikuta asilimia 33. Mwanafunzi wa uuguzi atakayekaa kliniki ya mama na mtoto asubuhi moja tu atakuwa ameshawahudumia wengi wao kabla ya chai ya saa nne.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya Ulaya havilisemi sana: huku unyanyapaa wa uzito una pande mbili. Mwaka 1985 jarida la Lancet lilitangaza ugonjwa mpya wa kukondesha uliokuwa ukiwamaliza watu wa Rakai, kusini mwa Uganda, na kuuhusisha na virusi ambavyo baadaye vilipewa jina la VVU. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kukonda tu kulitosha mtu kuhukumiwa mtaani. Ndiyo maana mwanafunzi anayeitwa Njiti hacheki hata kama anaonyesha meno. Nyuma ya jina hilo kuna swali ambalo watu hawaliulizi kwa sauti. Leo upepo umegeuka. Dolutegravir, dawa iliyomo kwenye vidonge vya TLD wanavyopewa wengi wanaoishi na VVU Afrika Mashariki, imeonekana kuongeza uzito, hasa kwa wanawake. Utafiti uliofanyika Johannesburg na kutangazwa 2019 ulilionyesha hilo waziwazi. Mama aliyeogopwa kwa wembamba wake mwaka 2001 anaweza kusimangwa kwa unene wake leo, na mara zote mbili anayemsimanga yuko nje kabisa ya habari yake.

Kabla ya kufika wodini

Anza na hiyo mizani. Mwakilishi wa darasa aende kwa mwalimu siku moja kabla, si katikati ya kipindi, na aseme jambo dogo linalotekelezeka: "Shikamoo dokta. Tunaomba kesho mizani iwekwe nyuma ya pazia, kila mtu asome namba yake na kuiandika kwenye karatasi isiyo na jina." Mwalimu atapata takwimu zake zote, wastani utapigwa, grafu itachorwa, wala hakuna atakayejua 103 ni ya nani. Akikataa, wapatikane watano wa kujitolea. Somo la kupima halihitaji darasa zima lipande mizani, sawa na lile la kuchoma sindano lisivyohitaji kila mtu achomwe.

Kisha ijulikane namba ya BMI imetoka wapi, maana wengi huimeza kama ilivyo. Mwasisi wake ni Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mwanafalaki na mtaalamu wa takwimu wa miaka ya 1830 aliyekuwa akimtafuta "mtu wa wastani" kwa hesabu. Hakuwa akitibu mtu. Jina linalotumika sasa lilikuja 1972 kwa Ancel Keys, mwanafiziolojia wa Marekani, aliyeipendekeza kwa tafiti za makundi makubwa ya watu. Kugawa kilo kwa urefu wa mita, kisha kugawa tena kwa urefu uleule, hakutenganishi misuli na mafuta, wala hakusemi mafuta yamekaa tumboni au mapajani. Juni 2023 chama cha madaktari cha Marekani kilipitisha sera inayokiri upungufu huo na kuwataka madaktari wasiitegemee peke yake. Namba 25 na 30, mipaka ya uzito uliozidi na unene, zibaki kichwani kwa ajili ya mtihani na kwa kumchunguza mgonjwa zaidi. Tabia ya mtu, bidii yake na chakula anachokula havimo kwenye namba hiyo.

Majina ya utani ni kazi ngumu kidogo, kwa sababu mwenye jina mara nyingi hucheka na wenzake. Kucheka kwake si ridhaa. Rafiki wa kweli amuulize faraghani, mara moja, bila hotuba: "Hilo jina unalipenda?" Jibu likiwa hapana, au likiwa kimya, rafiki aache kulitumia na awaambie wawili watatu wenye sauti kwenye kundi nao waache. Mara nyingi hao wakiacha, jina linakufa. Usifungue mjadala wa darasa zima kwenye WhatsApp. Utamfanya mtu yuleyule awe mada kwa wiki nzima.

Wapo wanaoacha kula kantini kwa kuogopa macho ya watu, wakanunua chipsi mayai usiku na kula chumbani mlango umefungwa. Wapo wanaokwepa mazoezi ya maabara ya ujuzi kwa sababu siku hiyo mmoja atatakiwa avue shati apapaswe tumbo na wenzake. Wapo waliokonda ambao hupitisha siku nzima na chai kisha husifiwa kwa "kujitunza." Dalili zikiwa hizi (kula kwa kujificha, kujitapisha, kukosa vipindi vya vitendo kimoja baada ya kingine), mpeleke mwenzako kwa mshauri wa wanafunzi au kliniki ya chuo, na kama anataka, fuatana naye hadi mlangoni. Ushauri wa kupunguza mwili usioombwa ubaki mdomoni. Mtu anayesomea tiba anajua kalori ni nini.

Kwa wanaobaguliwa wenyewe, neno moja la kiutendaji: sare na koti jeupe likibana, usingoje likupasukie kwenye raundi. Omba ofisi ya idara kwa maandishi ruhusa ya kushonesha kwa fundi kwa kitambaa na mtindo uleule. Ni ombi la kawaida la vifaa vya kazi, liandikwe hivyohivyo, bila maelezo ya mwili.

Mkono, mkanda na tepu ya fundi

Wodini ndipo heshima inapogeuka ufundi, na mfano ulio wazi kuliko yote ni mkanda wa mashine ya presha. Karibu kila wodi ina mkanda mmoja wa saizi ya kawaida. Mwanafunzi anauzungusha kwenye mkono mnene, unashika kwa ncha tu, anajaza upepo, na katikati mkanda unafumuka kwa mlio ambao vitanda vyote vinausikia. Anarudia. Anausukuma kwa kiganja usifumuke. Anapata 148 juu, anaandika, na akiulizwa kwa nini imechukua muda anasema, "Mkono wake mkubwa sana."

Mkono hauna kosa. Mkanda wa kawaida wa mtu mzima ni wa mkono wenye mzingo wa sentimita 27 hadi 34; kuanzia 35 hadi 44 unatakiwa mkanda mkubwa, na zaidi ya hapo upo mkubwa zaidi. Mkanda mdogo husoma presha juu kuliko ilivyo. Kwa kiasi gani? Utafiti uliofanyika Baltimore na kutangazwa 2023 uliwapima watu wazima 195 kwa mikanda ya saizi tofauti. Waliohitaji mkanda mkubwa zaidi wa wote, walipofungwa wa kawaida, presha yao ya juu ilisomeka zaidi kwa wastani wa milimita 19.5 za zebaki. Maana yake mtu mwenye 122 anatoka kliniki ameandikiwa 141, ana kadi ya kliniki ya presha, ana vidonge vya kila siku, na ana maelezo kutoka kwa kijana mwenye koti jeupe kwamba unene wake umeanza kumletea maradhi. Kilichomletea maradhi hapo ni mkanda.

Kwa hiyo weka tepu ya fundi cherehani mfukoni. Tafuta nusu ya umbali kati ya ncha ya bega na kiwiko, zungusha tepu bila kubana, soma, kisha chagua mkanda. Inachukua muda mfupi kuliko kumtafuta muuguzi aliyeondoka na kipimajoto. Mkanda mkubwa usipokuwepo, wodi ya jirani inaweza kuwa nao. Usipopatikana kabisa, pima kwenye kigasha na uandike kwenye faili kwamba umepima hapo, ili anayekuja baadaye asilinganishe embe na nanasi. Hali ni hiyohiyo kwa mizani inayogota kabla ya kilo za mgonjwa, na kwa viti vyenye mikono ambavyo mgonjwa hawezi kukaa. Vitu hivi viangaliwe asubuhi kabla wagonjwa hawajaingia, mgonjwa asije akawa ndiye anayegundua kwamba wodi haikumtarajia.

Dalili kwanza, kilo baadaye

Mwaka 2018 mwanamke wa miaka 64 wa mji wa Victoria, Kanada, alifariki siku chache tu baada ya kugunduliwa kuwa na saratani isiyoweza tena kufanyiwa upasuaji. Tanzia yake gazetini iliwashtua wengi. Ilieleza kwamba alikuwa amehangaika kutafuta matibabu kwa miaka, na alichopewa kila alipokwenda ni ushauri wa kupunguza uzito. Aliacha ombi kwamba wanawake wenye miili mikubwa wasikubali kila dalili yao ihesabiwe kuwa ni unene.

Hapa mwanafunzi anahitaji nidhamu ya kufikiri, na inafundishika. Chukua mgonjwa wa kubuni: mama wa miaka 41, kilo 109, anahema akipanda ngazi, na hali hiyo ina wiki mbili. Jibu la haraka linajulikana. Lakini muulize uzito huo anao tangu lini. Kama anao miaka kumi, na ngazi alikuwa akizipanda hadi mwezi uliopita, basi kilo haziwezi kueleza kilichoanza wiki mbili zilizopita. Kuna kitu kipya. Angalia weupe wa ndani ya kope kwa upungufu wa damu, sikiliza moyo na mapafu, linganisha miguu miwili kama mmoja umevimba na kuuma kwenye shavu la mguu, muulize kuhusu safari ndefu, uzazi wa karibuni, sindano au vidonge vya kupanga uzazi. Damu iliyoganda mguuni na kusafiri hadi kwenye mapafu huua, na haingojei mtu apungue.

Jiulize pia swali la pili kabla ya kufunga faili: mgonjwa huyuhuyu angekuwa na kilo 60, ningeagiza vipimo gani? Orodha zikitofautiana, uwe na sababu ya kitabibu ya tofauti hiyo, na uweze kuitaja mbele ya daktari bingwa.

Uzito wenyewe ukiwa ni mada halali, nao una historia yake. Uliza dawa. Prednisolone hunenepesha, insulini pia, olanzapine anayopewa mgonjwa wa akili huongeza uzito sana, na sindano ya miezi mitatu ya uzazi wa mpango imewaongezea kilo wanawake wengi waliolaumiwa kwa kupenda wali. Urithi nao una sehemu kubwa: utafiti wa mapacha waliolelewa mbalimbali, uliotangazwa mwaka 1990 na Albert Stunkard wa Marekani na wenzake, ulionyesha miili yao kufanana hata walipokulia kwenye nyumba tofauti.

Namna ya kuanza mazungumzo ni kuomba ruhusa, na kuomba hivyo ni adabu ya kawaida kwa mtu aliyekuzidi umri. "Mama, umekuja kwa ajili ya goti, tutaanza nalo. Baadaye ungependa tuzungumze na uzito, au tuuache kwa leo?" Akisema tuuache, uachwe kweli. Wanaoamini kwamba kuaibishwa humpa mtu moyo wa kupungua waangalie utafiti wa Marekani wa 2013 uliowafuatilia zaidi ya watu 6,000 kwa miaka minne: waliosema wamebaguliwa kwa uzito wao walikuwa na uwezekano wa kama mara mbili na nusu zaidi wa kunenepa kupindukia kuliko wenzao ambao hawakubaguliwa. Na mgonjwa aliyeaibishwa huwa hana haraka ya kurudi kliniki.

Utani unaotoka juu

Yote hayo ni rahisi kuliko hili la mwisho. Mwanafunzi anaweza kuwa na tepu mfukoni na adabu zake zote, kisha akasimama chumba cha upasuaji na kumsikia bingwa akitania mafuta ya mgonjwa aliyelala na dawa ya usingizi, na timu nzima ikicheka. Utafiti wa Delese Wear na wenzake huko Ohio, uliotangazwa 2006, uliwauliza wanafunzi wa udaktari kuhusu mzaha dhidi ya wagonjwa, na wagonjwa wanene walitajwa kuwa shabaha ya mara kwa mara. Watafiti wa ule utafiti wa vyuo 49 walipowarudia wanafunzi walipokaribia kuhitimu, waliona kwamba kusikia maneno ya dharau na kushuhudia ubaguzi kutoka kwa walimu kuliambatana na ubaguzi kuongezeka kwa wanafunzi wenyewe. Kwa hiyo chuo hakipokei tu vijana wenye dharau za mtaani. Nyingine kinazifundisha.

Mwanafunzi afanye nini? Kumkemea bingwa mbele ya watu si ushauri mzuri. Alama zake ziko mkononi mwa mtu huyohuyo. Asicheke, hilo liko ndani ya uwezo wake. Anaweza kurudisha mazungumzo kwenye tiba kwa swali la heshima: "Dokta, kwa mgonjwa wa uzito huu, dozi ya kuzuia damu kuganda tunaipangaje?" Ni swali la kweli, lina jibu, na mara nyingi mzaha unakatikia hapo. Ikiwa ni tabia ya kila wiki, aandike tarehe na maneno yaliyosemwa, awatafute wenzake wawili walioyasikia, na wapeleke kwa mshauri wa wanafunzi kwa pamoja.

Mihadhara peke yake haitoshi. Mwaka 2014 wanafunzi 129 wa udaktari wa vyuo vitatu vya Marekani waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja lilisoma mchezo wa kuigiza kuhusu maisha ya wanawake wanene, jingine likapewa mhadhara wa kitabibu kuhusu unene. Waliosoma mchezo ndio waliopunguza ubaguzi wa wazi. Vyuo vya Afrika Mashariki vimetumia maigizo miaka na miaka kuhamasisha watu kuhusu UKIMWI na uzazi wa mpango. Vikundi hivyo vipo, vipewe na mada hii.

Lakini mzigo huu usiachiwe kijana wa mwaka wa tatu. Wakuu wa idara waongeze mstari mmoja kwenye fomu ya tathmini ya wodini: mwanafunzi alimzungumziaje mgonjwa alipokuwa hasikii. Na fomu ambayo wanafunzi huijaza kumtathmini mwalimu wao iwe na swali hilohilo.